Kaya Kamili ya Mtaa wa Kinu

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba sina malalamiko. Nchi yetu ni nzuri. Jina lake silitaji kwa sababu moja tu: anayeishi humo analijua, na asiyeishi humo hana haja nalo. Mimi nimeishi Mtaa wa Kinu miaka arobaini na minne, na thelathini kati ya hiyo nilikuwa mtunza stoo wa kinu cha pamba, mpaka kinu kilipofungwa kwa mafanikio makubwa. Tuliambiwa hivyo kwenye sherehe ya kukifunga, nasi tukapiga makofi.

Nataka kueleza jinsi Posho ya Ustawi ilivyotuletea ustawi, na jinsi ilivyomaliza kabisa tatizo la watu kuihama nchi. Pale ambapo mwandiko wangu umetetemeka, msomaji anisamehe. Ni uzee.

Posho ilikuwa fedha iliyotumwa kila mwezi kwenye simu ya mama wa kila kaya maskini. Mwezi wa kwanza mtaa mzima ulinuka vitunguu vinavyokaangwa. Mke wangu Sikitu alinunua dawa zake za presha za mwezi mzima, akaacha kukata kidonge kwa wembe ili anusurike wiki mbili. Tatu, mkaza mwanangu, alianza kula mara tatu kwa siku, na maziwa yakamtosha mtoto wake Riziki, ambaye mpaka wakati huo alikuwa analia kama paka aliyefungiwa. Hata ugomvi wa nyumbani ulipungua, maana ugomvi wetu mwingi, tulipouchunguza, ulikuwa njaa tu iliyovaa nguo nyingine. Haya ni kweli, na mtu asinilazimishe kuyakana.

Kwa bahati mbaya mji mkuu ulikuwa na wataalamu. Walikaa hotelini siku tisa wakagundua kanuni: Mtu aliyeshiba hasafiri. Kanuni hiyo ilimpendeza Mtukufu Mlezi wa Taifa hata akaagiza ichapwe kwenye madaftari ya shule, kwenye mifuko ya saruji na kwenye kanga. Kisha akawaahidi marafiki zake wa ng'ambo kwamba hawatamwona tena raia wetu hata mmoja akibisha hodi kwao.

Hakuna aliyewauliza walioshiba. Mwanangu Machano, ambaye ndiye mtoto wangu pekee, alikuwa ametaka kuondoka tangu kinu kilipofungwa. Hakuwa na nauli. Mwenye njaa haendi mbali; akijitahidi sana atafika kwa jirani. Baada ya miezi mitano ya posho alinikuta uani nikinyoa ndevu.

"Baba, naondoka."

"Unakwenda wapi, na sasa tunakula?"

"Ndiyo maana naondoka. Zamani niliogopa kuwaacha na njaa. Sasa hofu hiyo sina, na nauli imepatikana. Mama alikuwa ananiwekea."

"Lakini kanuni inasema mtu aliyeshiba hasafiri."

"Mimi huwa sisomi kanga, baba."

Alicheka, akanishikia kioo mpaka nikamaliza shavu la pili. Akaondoka Jumatatu. Wiki tatu baadaye sheria ikatoka.

Mtukufu Mlezi aliitangaza mwenyewe redioni. Sauti yake ni nzuri, kama ya mtu anayezungumza na ng'ombe aliye karibu kuchinjwa. "Ndugu wananchi," alisema, "wako wenye hila wanaodai kwamba baadhi yenu mmeondoka. Nawauliza ninyi mnaonisikiliza: mmeondoka? Hamjaondoka! Basi ushahidi ni huo. Tangu leo kaya yenye watu wake wote itaitwa Kaya Kamili, nayo itaendelea kupata posho. Na kaya itakayoonekana kuwa na upungufu haitaadhibiwa. Sisi si watu wa adhabu. Itasaidiwa kukamilika."

Msaada huo ulikuwa lori la kijivu lenye turubai, ubavuni limeandikwa UKAMILISHO kwa rangi ya maua.

Mtaani kwetu lilianzia kwa Bi Havijawa, mjane aliyekaa mkabala na sisi. Wanawe wawili wachukuzi walikuwa wameondoka na posho ya mwezi wa tatu. Lori lilifika saa tatu asubuhi. Alipandishwa yeye, dada yake na wajukuu wanne, wote wakisaidiwa kwa kushikwa mkono juu ya kiwiko. Sufuria la maharage lilibaki jikoni kwake juu ya moto. Hakuna aliyethubutu kuingia kulitoa. Maharage yaliungua tangu asubuhi mpaka alasiri, nasi tukakaa majumbani mwetu tukiyasikiliza kwa pua.

Baada ya wiki mbili mtaa ulipata barua kutoka kwake. "Tumekamilika," ilisema. "Huku ni kuzuri. Msiulize." Mwandiko ulikuwa mzuri sana, wa kulala upande mmoja. Bi Havijawa hakujua kuandika.

Nilirudi ndani nikahesabu watu wa nyumba yangu. Nilihesabu mara nne. Kila mara walikuwa watatu na mtoto, na daftari la serikali lilisema wanne na mtoto.

Sasa, sisi wa Mtaa wa Kinu ni watu wa kuazimana. Tunaazimana masufuria ya shughuli, majamvi, viti, na kuna koti moja jeusi ambalo limewaozesha wanaume kumi na saba. Hivyo mtu wa kwanza alipoazima mtu, hakuna aliyeshangaa. Jirani yangu Mzee Ngwali alikuwa na wana watano wakubwa, wote wapo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake atangulie. Nilimwendea kwenye uzio.

"Mchukue Pandu," aliniambia. "Kwako wanakuja kupima kaya Alhamisi, kwangu Jumamosi. Ijumaa awe amerudi. Na umrudishe kama ulivyomkuta."

"Mimi sijawahi kukurudishia chombo kibovu, Ngwali."

"Na lile sufuria la harusi ya mwanao?"

"Lile lilibonyea lenyewe."

Pandu alikuja Jumatano asubuhi, ameoga, amechana nywele, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana ni kijana wa adabu mno.

"Niite baba," nilimwambia.

"Ndiyo, mzee."

"Baba."

"Ndiyo, mzee baba."

Tatu alitakiwa amwite Baba Riziki. Aliweza, ila kwa kuutazama ukuta. Sikitu alimvalisha Pandu shati la Machano, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. "Linamkaba mabegani," alisema, akaingia chumbani akakaa huko muda mrefu.

Alhamisi saa saba mchana alifika Bwana Hiari, Mpima Ustawi Daraja la Pili, mtu mfupi, safi, mwenye jalada kifuani kama anaogopa mvua. Mgambo aliyekuwa naye alisimama mlangoni na bunduki, uso umekunjamana kama mtu mwenye jino bovu.

"Ustawi," alianza Bwana Hiari, "hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, kaya ni kamili. Pili, kaya inakula pamoja. Tatu, kaya inacheka angalau mara moja bila kulazimishwa."

Mgambo alihamisha bunduki bega hili kwenda lile. Tukacheka.

"Mara moja," akaandika Bwana Hiari. "Sasa kuleni. Mimi sheria hainiruhusu kuonja. Fanyeni kama sipo."

Tulikuwa tumechinja kuku. Tuliketi jamvini, Pandu kando yangu. Majina yote tulikuwa tumeyakariri, tarehe ya kuzaliwa ya Machano, kovu lake la ugokoni ambalo Pandu alijichora kwa mkaa. Tulikuwa tumefikiria kila kitu ambacho mtu mwenye hofu anaweza kukifikiria.

Sikitu akachukua birika na beseni kutunawisha.

Kwetu maji huanza kwa mgeni. Mgeni akishanawa ndipo hufuata baba wa nyumba, kisha watoto. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo, na kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kulifundisha upya. Sikitu alinipita mimi. Akapiga goti mbele ya Pandu, akammiminia maji, akasema kwa sauti yake ya miaka yote, "Karibu, baba, jisikie uko nyumbani." Kisha akafunua chungu, akachukua firigisi, ambayo humu ndani haijawahi kuliwa na mtu mwingine isipokuwa mimi au mgeni, akaiweka kwenye sahani yake.

Na Pandu, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri, akajibu, "Asante, mama, usisumbuke. Nimetoka kula nyumbani."

Maneno hayo kila mtoto mwema huyasema kwa watu. Hakuna mtoto aliyewahi kuyasema kwao tangu dunia iumbwe.

Kalamu ya Bwana Hiari ilisimama. Nilisikia tone la maji likidondoka kutoka kwenye birika. Nilisikia na lori, ingawa barabarani hapakuwa na lori. Tatu alimkumbatia Riziki kwa nguvu hata mtoto akakohoa. Nami nikawaza jambo la kipuuzi kabisa: nani atalitoa sufuria letu motoni?

Bwana Hiari alimtazama mgambo. Mgambo alikuwa amegeukia nje, ameshika shavu. Bwana Hiari akafunga jalada.

"Mama," alisema polepole, "na mimi nililelewa na mama. Anza upya."

"Nianze nini, mwanangu?"

"Kunawisha. Anza na mzee." Akamgeukia Pandu. "Na wewe. Ukipewa chakula kwenu, unasemaje?"

"Sisemi kitu, bwana."

"Basi usiseme kitu. Kula. Tena lalamika."

"Nilalamikie nini?"

"Chumvi! Watoto wote hulalamikia chumvi!"

"Chumvi imezidi, mama," Pandu akasema, machozi yakimtoka.

"Vizuri. Na hiyo firigisi mrudishie baba yako."

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa familia. Ni wakati huo nilipouona ukosi wa shati la Bwana Hiari, umelowa mpaka kwenye tai, nikaelewa kwamba mle ndani hakuna aliyekuwa na hofu kuliko yeye. Mtukufu Mlezi alikuwa ameshatangaza kwamba wilaya yetu ni kamili kwa asilimia mia moja. Upimaji ulifuata baadaye, kwa heshima. Mpima ambaye angeleta upungufu angehesabiwa mpungufu yeye mwenyewe. Naye alikuwa na watoto.

Kisha alitoa mfukoni kimashine kidogo cha alama za vidole, akabana humo kidole gumba cha Pandu. Kikalia.

"Huyu sasa ni Machano," alisema.

"Mpaka lini, bwana?" aliuliza Pandu.

"Mpaka ufe," alijibu Bwana Hiari kwa upole. "Na hata hapo kutahitajika kibali."

Ijumaa Mzee Ngwali alikuja kwenye uzio. "Haya, nirudishie mwanangu."

"Ngwali, mashine imemchukua."

"Mashine gani? Mimi nilikuazima mtu, sikukupa!"

"Sema polepole."

Alisema polepole. Alilia pia polepole. Kisha akaenda kuazima kijana kwa jirani wa pili, na jirani wa pili akaazima kwa wa tatu, na mwezi ulipokwisha Mtaa wa Kinu ulikuwa kamili, kila kijana akilala kwa watu. Pandu alilala ukumbini kwetu, kwenye mkeka. Asubuhi akipiga mswaki alimwona baba yake ng'ambo ya uzio, naye akamwamkia kama sheria ilivyotaka: "Shikamoo, jirani." Na Ngwali akaitikia, "Marahaba, Machano," akaingia ndani haraka.

Posho iliendelea kuja. Taarifa ya wataalamu ilisomwa redioni: ustawi umepanda, kuhama kumekwisha. Sikitu alikuwa na dawa zake zote kwenye kikopo, na presha yake ikapanda.

Mwezi wa saba tangu Machano aondoke tukapata wito. Nilipewa mkononi na mjumbe wa mtaa, ambaye hakutaka kuketi. Ulisema hivi: mpakani amepatikana mtu aliyerudishwa na nchi jirani, anayejiita Machano, mwanangu mimi. Kwa kuwa Machano anajulikana kuwa yuko nyumbani na anakula vizuri, mtu huyo ni Mtu wa Ziada. Nifike wilayani Jumatano saa nne asubuhi kuthibitisha kwamba simfahamu.

Nilisoma kwa sauti, tumeketi wote wanne. Pandu alikuwa wa kwanza kunena.

"Mzee, sema ni mwanao. Mimi nitarudi kwetu."

"Hurudi kwenu," alisema Tatu. "Ukiwa si Machano, sisi wote ni waongo. Litakuja lori kwetu, liende na kwa Mzee Ngwali, na kwa wa pili, na wa tatu. Mtaa mzima." Alikuwa ameshahesabu. Kisha uso wake ukavunjika. "Lakini, baba, ni mume wangu. Watu wa Ziada wanapelekwa wapi?"

Hakuna aliyejua. Bi Havijawa alituandikia. Mtu wa Ziada hakuwahi kumwandikia mtu.

Sikitu alikuwa anakunja kanga juu ya goti, anaikunjua, anaikunja. "Nenda ukamtazame," aliniambia. "Ukishamtazama utajua la kusema."

Nilivaa koti langu la kinu lenye vifungo vya shaba. Njiani nilijiahidi kwamba nitasema kweli. Nilitunza stoo miaka thelathini na sikuwahi kuandika gunia lisilokuwapo, wala kulikana lililokuwapo. Nilijiambia hivyo mpaka kwenye ngazi za ofisi, na ngazi nikazipanda kwa kushika ukuta.

Bwana Hiari alikuwa Daraja la Kwanza sasa. Alikonda. Mgambo yule yule alikuwa mlangoni, ameng'oa jino.

"Mzee, karibu," alisema Bwana Hiari. "Ni jambo dogo. Takwimu zinaonyesha kwamba hakuna aliyeondoka nchini. Kwa hiyo hakuna anayeweza kurudi. Tunataka tu sahihi."

Kwenye benchi la ukutani alikuwa ameketi mwanangu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Kichwa kilinyolewa vibaya, na mkono wa kushoto aliushika kwa wa kulia kama mtu anayebeba kitu cha mwingine. Alinitazama. Nikaona ananiangalia kwa zamu: macho, mdomo, mikono juu ya fimbo. Sijui alisoma nini. Alikuwa mwepesi wa kusoma watu tangu mdogo.

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimelishika lile neno.

"Mzee huyu simfahamu," alisema Machano. "Jina lake nililisikia njiani, nikalitumia. Nilidanganya."

Bwana Hiari akapumua. "Umesikia, mzee. Na wewe je, unamfahamu?"

"Kijana huyu ana adabu," nilisema. "Waliomlea, walimlea vizuri."

"Hilo si jibu la fomu. Fomu ina Ndiyo na ina Hapana."

Mgambo alihamisha bunduki. Kupitia dirishani niliona ubavu wa lori, ile rangi ya maua, na dereva amelala na miguu nje ya mlango. Akilini nilimwona Sikitu ameshikwa juu ya kiwiko. Nilimwona Riziki.

"Hapana," nilisema.

Niliweka sahihi. Sahihi yangu ni nzuri. Watu wengi wameisifu. Siku hiyo nayo ilikuwa nzuri, na jambo hilo ndilo linaloniamsha.

Nilipofika mlangoni nilisikia sauti yake nyuma yangu, ile ile ya kunishikia kioo. "Shikamoo, mzee. Wasalimie nyumbani."

Mtu yeyote humwambia hivyo mzee yeyote. Hakuna sheria inayokataza.

"Zimefika," nilijibu bila kugeuka, maana ningegeuka nisingeondoka.

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka Pandu alinifungulia mlango, akanitazama mara moja, akatoka uani. Tatu alikuwa amejifungia chumbani na mtoto. Sikitu aliketi pale pale nilipomwacha, kanga juu ya goti. Alisubiri nivue koti. Alisubiri nikae.

"Amekonda?" aliniuliza.

Nilitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Nilitazama dirisha, nalo lilikuwa limefungwa, na nje hapakuwa na mtu. Tulikuwa mimi na yeye tu, mke wangu niliyeishi naye miaka thelathini na tisa, naye ameniinamia ili aweze kusikia hata nikinong'ona.

"Nani?" nikamuuliza.